Marehemu Anadai Mbolea

Mume wangu alikufa Jumatano asubuhi, akiwa juu ya paa la dada yake kule Mbegani, anapigilia bati. Hakuanguka. Alishuka mwenyewe kwa ngazi, akanywa chai na chapati, akarudi nyumbani kwetu Msufini bila habari kwamba keshakufa. Aliyemuua ni Shuaibu. Alimuua kwa mdomo, mbele ya watu, na mimi nilikuwepo.

Nianze na huyo Shuaibu, maana bila yeye hakuna kisa. Shuaibu ni Mzigua, kwao ni Mkange huko kaskazini. Mume wangu Mwinyimvua ni Mkwere wa hapahapa, kitovu chake kimezikwa Msufini, mwendo mfupi tu ukitoka Zinga barabarani. Mkwere na Mzigua ni watani, na utani wenyewe si wa kuchekeana meno tu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakweo. Ana ruhusa ya kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Siku ukifa, yeye ndiye anayeshuka kaburini akalala humo na kukataa kutoka mpaka ndugu zako wampe kitu. Na wewe, kwa hayo yote, huna ruhusa ya kukasirika.

Wawili hawa wametenganishwa na ua wa makuti. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nasikia, "Mkwere, umeamka au nije na jeneza?" Na mume wangu anajibu, "Njoo nalo, mgosi, ulale ndani, maana kwenu hamjui kitanda." Mimi Adija, mkewe wa ndoa, naweza kukaa na Mwinyimvua kutwa nikaambulia "mm" na "chumvi imezidi." Lakini mpe Shuaibu ng'ambo ya ua, utadhani mtu huyu kameza redio.

Basi, Jumatano hiyo alikuja afisa kilimo mpya kufanya uhakiki wa wakulima. Uhakiki huo ndio unaotupa mbolea ya ruzuku. Serikali inalipa sehemu ya bei na sisi tunamalizia, lakini sharti jina lako liwe kwenye daftari la wakulima, na daftari siku hizi halina karatasi, limo ndani ya kishikwambi. Jina likiwemo, unakwenda kwa wakala pale Dunda, anaingiza namba yako, unabeba mifuko yako. Jina lisipokuwemo, bei utakayotajiwa utadhani unauziwa ng'ombe. Msimu uliopita tulikosa mbolea, tukapanda mpunga bondeni hivyohivyo, tukavuna majani. Tulikula muhogo mpaka kuku wakatuonea huruma. Nilikuwa nimemwapia mume wangu kwamba bila mbolea mwaka huu, bondeni ataingia peke yake.

Afisa mwenyewe alikuwa binti mmoja mpole, Yasmini, amevaa mtandio wa kijani na viatu vya kufunga kamba. Tulikusanyika kwenye banda la ofisi ya kijiji, akawa anaita jina, mtu anajibu, anapigwa picha, anakaa. Akaita, "Mwinyimvua Husseni!"

Nilikuwa nafungua mdomo niseme kaenda Mbegani. Shuaibu akaniwahi. Alisimama taratibu, akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Huyo, binti yangu, tumemzika Ijumaa."

Banda zima likanyamaza. Kilikuwa kimya cha watu wanaobana vicheko, lakini mgeni angejuaje? Yasmini akaziba mdomo kwa kiganja.

"Jamani! Aliumwa?"

"Ghafla tu. Alilala mzima, hakuamka. Nimemwosha kwa mikono yangu hii." Shuaibu akainyoosha mikono yote miwili tuione. "Na tangu tumfukie, tazama mwenyewe, hata mvua imegoma."

Watu wakaitikia, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuna." Mwenyekiti wetu, Bwana Sharifu, mtu mzima na ndevu zake, akatikisa kichwa akasema, "Pengo kubwa." Tena akalisema vizuri hasa, kwa kwikwi. Nani angeharibu? Mtani akianza, mwenye heshima zake anasaidia kubeba.

Yasmini akauliza mjane yuko wapi. Vidole vyote vikanielekea mimi. Akaja mpaka nilipokaa, akachuchumaa, akanishika mikono. "Pole sana, mama." Nikamtazama usoni, nikasema moyoni, mtoto huyu amelelewa, hata wiki hajamaliza hapa na utani keshaujua. Nikajibu, "Nimeshapoa, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Akatoa noti kwenye pochi yake, akampa Shuaibu iwe rambirambi, na Shuaibu akaipokea kwa unyenyekevu. Tulipotawanyika akainunulia kashata, tukala sote.

Kabla ya hapo, lakini, Yasmini aligusa kishikwambi chake mara moja kwa kidole. Hakuna aliyejali.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa bahari, Mwinyimvua akavaa shati safi, akapanda bodaboda kwenda Dunda kuchukua mbolea ya kupandia. Mimi nikabaki nasafisha stoo, nimepanga na mahali pa kuegemeza mifuko. Adhuhuri akarudi mikono mitupu. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Adija," akasema, "mimi ni mzima?"

Mtu akikuuliza hivyo, humjibu kabla hujamwangalia. Nikamwangalia. Akanieleza. Wakala, kijana anayeitwa Salumu, aliingiza namba, akatazama simu, akamtazama yeye, akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, pole kwa msiba. Mwenye namba hii ni marehemu. Wewe ni mrithi? Ukija, njoo na barua ya mirathi." Mume wangu akamwambia, "Marehemu ndiye mimi." Salumu akamwomba asogee pembeni awapishe wateja.

Hapo ndipo kashata ile iliponipanda kooni.

Nilimkokota mpaka ofisini kwa Yasmini siku hiyohiyo. Binti alipomwona, na jina akalisikia, akainuka mpaka kiti kikaanguka. Akili ilimruka lakini adabu ikabaki. "Shikamoo, marehemu," akasema.

"Marahaba," akajibu mume wangu. Angejibu nini?

Tukamweleza habari ya Mkwere na Mzigua. Akasikiliza, macho yakamlowa. "Mama, si nilikupa pole ukaitikia?"

"Niliitikia. Nilidhani na wewe unatania."

"Mama, mimi nimekulia Singida mjini, nyumba ya kupanga. Mtu akituambia fulani kafa, tunaanza kulia. Hatumuulizi kwanza kabila lake."

Nikaona aibu, lakini aibu yangu haikukaa, niliigeuza hasira nikaielekeza kwa Shuaibu, maana ndiye aliyeanza. Yasmini akatueleza kwamba kumwandika mtu amekufa ni kugusa mara moja, ila kumrudisha duniani kuna utaratibu. Huko nyuma wapo wajanja waliowafufua babu zao wachukue mbolea. Sasa sharti yule aliyetoa taarifa ya kifo aje mwenyewe ofisini, mbele ya mwenyekiti, atoe maelezo: anamfahamuje mtu huyu, na kwa nini alisema amekufa. Maelezo yaende juu. Bila yeye, hakuna.

Nikasema hilo ni jepesi. Sikuwa nimewajua wanaume hawa, pamoja na kuishi nao miaka yote.

Shuaibu alicheka mpaka akajishikiza kwenye ua. Alicheka akalala chini. Alipoinuka akajifuta vumbi akasema, "Nitamfufua. Lakini maiti wa mtani hatoki kaburini bure, shemeji, unajua hivyo. Anipe kanzu yake ya Idi."

Mwinyimvua akajibu kutoka ndani, "Sitoi hata kifungo. Nikikulipa unifufue, nimekubali kwamba nilikufa."

"Basi kaa huko kaburini, kuna baridi?"

"Kuzuri. Huku hakuna Wazigua."

Na wakaendelea hivyo, siku hiyo na iliyofuata, wamefurahi, kila mmoja anaona ameshika haki ya mababu. Mimi natazama juu. Mawingu yanazidi kuwa meusi. Majirani wameshatifua mashamba, mbegu zimeshalowekwa, na mbolea yangu iko Dunda inamsubiri mrithi. Nilihisi naweza kuwachukua wote wawili nikawagonganisha vichwa, na wallahi lisingekuwa kosa.

Nikaanza na wa kwangu. Mchana nikapakua ugali na mchicha wa nazi, sahani moja, nikakaa nikala.

"Yangu iko wapi?" akauliza.

"Baba Hajra, serikali imesema umekufa. Mimi ni nani nibishane na serikali? Maiti hali."

Akacheka. Jioni hakucheka. Kesho yake mchana nikaona ananyanyuka kimya, anatoka. Nikajua ameshindwa, anakwenda kuyamaliza. Nikachungulia uani. Namkuta kwa Shuaibu, wamekaa kwenye kirago, wanakula ugali wa muhogo na dagaa kutoka sahani moja, Shuaibu anamwambia, "Ona maiti anavyokula, ndiyo maana shimo tulilichimba pana," naye anajibu mdomo umejaa. Wamegombana mpaka serikali imeingia kati, na bado mmoja anakula kwa mwenzake! Nilirudi ndani nikatupa mwiko.

Kama huwezi kumbana maiti, mbane mwenye msiba. Nilimwendea Habiba, mke wa Shuaibu. Habiba ni mwanamke wa maneno machache na vitendo vingi, na kipande chao cha bondeni kilikuwa kinasubiri mvua kama chetu. Nikamwambia, "Mumeo alitangaza msiba. Msiba haujawekewa matanga." Akanitazama, akaanza kutabasamu, akasema, "Sukari nitaitoa yote, wifi yangu. Hata ile aliyoificha."

Asubuhi wakaja. Wanawake wa Msufini hawahitaji kualikwa mara mbili. Kifo cha wengi harusi, na cha uongo je? Walijaa kwa Shuaibu na kanga zao, wakatandika mikeka uani, kwenye baraza, mpaka mlangoni pa banda la kuku. Mmoja akaanza, "Uuuwi, Mwinyimvua, umetuachia nani!" Wengine wakapokea. Waliomboleza kwa mashairi ya papo hapo, kila ubeti unamtaja Shuaibu: uchoyo wake, jogoo wake asiyewika, ile siku alipokimbizwa na bata. Baina ya ubeti na ubeti wakadai chai. Wakadai maandazi. Wakauliza ubwabwa unapikwa saa ngapi, na kama nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi, maana mtani aliyetangaza ndiye anayelisha.

Shuaibu alisimama katikati ya ua wake hana pa kukanyaga. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya ua wa makuti, kicheko kimemkaba, anagaragara. Sukari ilipokwisha, wakaanza kuulizia karanga za mbegu. Hapo Shuaibu akavua kofia.

"Shemeji Adija," akasema, "twende ofisini. Hata kanzu sitaki tena. Waondoe watu wako."

Tulikwenda wanne: mimi, wanaume wawili, na Bwana Sharifu mwenyekiti aliyekuwa amesema pengo kubwa, sasa anatembea nyuma yetu kimya. Yasmini akatukalisha. Mwinyimvua kwenye benchi pembeni, Shuaibu kwenye kiti mbele ya meza. Binti akaweka vidole tayari.

"Mzee, huyu unamfahamuje?"

"Huyu ni mwizi wa papai, amezaliwa usiku wa..."

Yasmini akainua kidole. Hakupaza sauti. "Mzee wangu, naandika kila unachosema, na kinakwenda juu. Juu hawana mtani. Ukinipa utani mwingine nitaandika, halafu mtakuwa marehemu wawili. Tafadhali, sema kweli tu."

Shuaibu akafunga mdomo. Akatazama meza. Akakohoa, akakohoa tena, ndipo akaanza, kwa sauti nisiyoijua.

"Nilikuja hapa Msufini na mke mjamzito na godoro. Sikuwa na ndugu. Huyu hakunijua. Akanikatia kipande cha shamba lake bondeni, akaniambia, lima. Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema, nyie Wazigua mna nini cha kulipa, lima tu. Mpaka leo hajanidai hata pishi ya mpunga."

Vidole vya Yasmini vikawa vinakwenda. Mume wangu akainama, akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Mtoto wetu yule wa kwanza alifariki. Watu walikuja, wakanipa pole, wakaondoka, ndivyo ilivyo. Huyu alibaki. Alikaa barazani kwangu kila siku. Nilikuwa sili, siongei. Hakunipa pole hata mara moja. Alinitukana. Alinitukana mimi, na Mkange, na babu yangu, siku baada ya siku, mpaka siku moja nikacheka. Nilipocheka ndipo nilipojua kwamba nitaishi." Akavuta pumzi. "Andika hivyo, binti. Andika yu hai. Na kama si yeye, mimi ndiye ningekuwa kwenye orodha yako ya maiti."

Nilikuwa sijui habari ile. Nilijua mume wangu alikuwa akienda kule na kutukana, nami nilimlaumu wakati ule, nilimwambia hana utu, anamtania mtu aliyefiwa. Moyo uliniuma nikatamani kumshika mkono pale pale mbele ya mwenyekiti.

Mwinyimvua akasimama. "Binti," akasema, "mnyamazishe. Niache nibaki nimekufa tu. Mtani anakusifu siku moja peke yake, siku ukiwa ndani ya sanda. Huyu sasa ananizika kweli."

Bwana Sharifu akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

"Kaa, baba," Yasmini akamwambia kwa upole, "nimeshaandika." Akamsomea Shuaibu maneno yake yote upya, kama utaratibu unavyotaka, na sisi sote tukayasikia mara ya pili, na mara ya pili yalikuwa mazito zaidi. Shuaibu akaweka dole gumba.

Njiani kurudi wanaume wawili wakatembea kila mmoja upande wake wa barabara.

Serikali haikuchelewa. Simu ya mume wangu ikalia, ujumbe ukasema amehakikiwa. Tukaifuata mbolea Dunda, Salumu akampa mkono akamwambia, "Karibu tena duniani, mzee." Mvua ikaja wakati wake. Tulipanda, sisi kwetu na akina Shuaibu kwao, miche ikashika, bonde likawa kijani mpaka ukitazama unapata usingizi mtamu. Nilikuwa nimepata yote niliyoyataka.

Ila asubuhi ya kwanza baada ya ofisi, nikiwa nachochea moto, nilisikia ng'ambo ya ua, "Asalaam aleikum, Bwana Mwinyimvua."

"Waaleikum salaam, Bwana Shuaibu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, tunamshukuru Mungu. Nanyi?"

"Na sisi salama."

Bwana! Upawa ulinitoka mkononi. Nikasema labda ni leo tu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, salamu ndefu, safi, kama za watu waliokutana benki. Shuaibu akaacha kuja kufunua vyungu vyangu. Bondeni wakapishana kwenye tuta, kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia wewe." Mwinyimvua akaacha hata kulalamikia chumvi. Anakula anachopewa, anashukuru, anakaa barazani anatazama miguu yake. Serikali ilikuwa imenirudishia mume kwenye kishikwambi, na mimi nyumbani nikawa naishi na maiti. Niliogopa. Sioni haya kusema, niliogopa kuliko nilivyouogopa ukame.

Nikamuuliza, "Baba Hajra, si umtukane tu?"

Akatikisa kichwa. "Nimejaribu, Adija. Nitamtukana vipi mtu aliyesema maneno yale? Nafungua mdomo, naona inataka kutoka dua."

Miezi ikapita, mpunga ukaanza kubeba mimba. Asubuhi moja nikasikia hodi mlango wa mbele. Hakuna jirani anayepiga hodi mlango wa mbele isipokuwa analeta kifo au kadi ya harusi. Nikafungua, ni Shuaibu, kavaa koti, kofia mkononi. Amekonda.

"Shemeji, shikamoo."

Nilishtuka zaidi. Yule hajanipa shikamoo tangu nimjue, ni mkubwa wangu. "Shuaibu, kuna nini? Habiba mzima?"

"Habiba mzima. Nimekuja kwako kwa sababu kwa mumeo siwezi." Akaizungusha kofia. "Shemeji, nakuomba. Mwambie mumeo anitukane."

Sikujua nicheke au niite watu.

"Hata moja tu," akasema. "Naamka mapema, nasimama pale uani, nimejiandaa, nangoja. Ananiuliza nimeamkaje. Shemeji, mimi si mtu wa kuulizwa nimeamkaje! Nilisema yale kwa sababu ya mbolea. Si kwamba nilidanganya, yote ni kweli, lakini hayakuwa ya kusemwa. Sasa ananitazama kama mgeni. Sina ndugu mwingine hapa. Akiendelea kuniheshimu, nitarudi kwetu Mkange."

Pazia la chumbani likasogea. Mwinyimvua alikuwa nyuma yake, amesikia yote. Akatoka, kavaa msuli na fulana. Wakasimama wakitazamana, mlango katikati yao.

Mume wangu akafungua mdomo. "Wewe..." akaanza, ikakwama. Akajaribu tena, "Wewe, bwana... wewe..." Nilitamani kumsaidia, mimi matusi ya kumpa Shuaibu ninayo ya kujaza debe, lakini hilo halikuwa langu kulitoa. Nilishika fremu ya mlango, nikaomba kimoyomoyo, Mola wangu, mpe mja wako tusi.

"Wewe Mzigua," akasema mwishowe, na sauti ikakatika, "una... una sura mbaya."

Mtoto wa chekechea angeona haya kulitoa tusi kama hilo. Shuaibu alifumba macho. Mabega yakamshuka. Machozi yalimchuruzika akayaacha yaende.

"Butu," akasema. "Butu kabisa, Mkwere, halina hata ncha. Lakini nimelipokea. Kesho ujitahidi."

"Kesho?" Mwinyimvua akajipangusa pua kwa mkono. "Nani kakwambia kesho utafika, na kikohozi hicho cha mbuzi?"

"Eeh," Shuaibu akasema, akakalia kizingiti changu, "endelea."

Niliwaacha palepale. Nilikwenda jikoni, nikaketi kwenye mbuzi ya nazi, nikalia kwa furaha na kwa hasira, maana nilijua kuanzia kesho usingizi wa asubuhi sina tena.